Kuitazama Filamu Iliyovuma Miaka Baada ya Kutoka: Toleo, Skrini, Sauti na Sifa Zilizotangulia

Filamu kubwa ya safari na hatari hutengenezwa kwa ajili ya chumba cha aina moja tu: chenye giza, skrini inayojaa machoni, na spika zilizopangwa kila upande. Ukiikuta miaka kumi na mitano baadaye kwenye televisheni ya sebuleni, taa zikiwaka na sauti imeshushwa ili waliolala wasiamke, unachokiona ni sehemu tu ya kile kilichowapigisha watu foleni. Hapo ndipo mtu huuliza, "Hivi hiki ndicho walichokuwa wakikisifu?" Filamu nyingine kweli hazikustahili sifa zile. Lakini kabla ya kutoa hukumu, hakikisha unahukumu filamu yenyewe, si mipangilio ya televisheni, toleo lisilo sahihi, au miaka ya maneno ya watu. Mwongozo huu unakusaidia kuviondoa hivyo vitatu.

Kwanza, ni toleo gani?

Filamu iliyovuma haikai ikawa moja. Avatar iliingia kwenye kumbi Desemba 2009 ikiwa na dakika 162. Baadaye ukatoka mkato mrefu wa dakika 178. Filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ya mwaka 2001, ina toleo la sinema la dakika 178 na toleo refu lililoongezewa takriban nusu saa ya matukio. Star Wars ya 1977 ilifanyiwa mabadiliko na kutolewa upya mwaka 1997, ikaongezwa viumbe na mandhari ya kompyuta, na toleo lililobadilishwa ndilo linalopatikana kwa urahisi zaidi leo. Anayeitazama sasa kwa mara ya kwanza anaweza kulaumu kazi ya 1977 kwa vitu vilivyopachikwa miaka ishirini baadaye.

Kwa mara ya kwanza, chagua toleo la sinema. Liliunganishwa kwa ajili ya mtu asiyejua chochote kuhusu kisa, na mwendo wake umepimwa kwa mtu huyo. Matoleo marefu huwalenga waliokwisha kuipenda filamu, wanaotaka kukaa zaidi na wahusika. Ukianza na hilo refu, utakutana na mandhari zisizosukuma kisa mbele kabla hujawa na sababu ya kuwajali wahusika, nawe utasema filamu inaburuta miguu. Zipo filamu chache zilizokatwa vibaya kwa shinikizo la studio, na hizo hutazamwa kwa toleo la muongozaji tangu mwanzo. Mfano mzuri ni Kingdom of Heaven ya 2005: toleo la muongozaji lina takriban dakika 45 zaidi, na bila dakika hizo uamuzi wa baadhi ya wahusika hauna mzizi.

Namna ya kujua ulicho nacho ni kuangalia dakika. Tafuta urefu rasmi wa kila toleo, kisha ulinganishe na ule unaoonyeshwa na huduma au faili lako. Jihadhari na jambo moja. DVD za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huendesha filamu kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115 hivi, na sauti za watu hupanda kidogo. Hakuna kilichokatwa. Zidisha urefu rasmi kwa 0.96, ukipata urefu wa diski yako, basi ni kasi tu iliyobadilika. Tofauti kubwa kuliko hiyo ndiyo inayohusu matukio.

Kanda na diski za zamani zilizokatwa ili kujaza televisheni za umbo la karibu mraba ziache kabisa. Filamu pana ya uwiano wa 2.39 kwa 1 (upana kwa kimo) ikikatwa kufikia 1.33 kwa 1 hupoteza karibu asilimia 44 ya picha. Katika filamu ya safari, ambapo jangwa, bahari na umati ndivyo vinavyobeba simulizi, unabakiwa na nyuso zinazosemezana na mtu asiyeonekana.

Kuipata kwa ubora unaoeleweka

Ukungu, moshi, vumbi, mvua, majani ya msituni, mawimbi: karibu kila kitu ambacho filamu ya aina hii inakipenda ndicho kigumu zaidi kubanwa kwenye faili dogo. Kwa hiyo upungufu wa biti, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya picha, unaonekana hapa mapema kuliko kwenye tamthilia ya watu wanaoongea chumbani. Dalili zake ni vijisanduku kwenye anga la giza, mistari ya ngazi kwenye ukungu, na majani yanayogeuka uji kamera ikikimbia.

Diski ya Blu-ray kwa kawaida hutoa megabiti 20 hadi 40 kwa sekunde, na diski ya 4K, yenye pikseli karibu 4,000 kwa upana, huweza kupita hapo mara mbili. Huduma za mtandaoni hutumia kiasi kidogo zaidi. Netflix, kwa mfano, inapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa picha ya pikseli 1080. Ndiyo maana diski ya kawaida ya 1080 mara nyingi huonekana imara kuliko 4K ya mtandaoni kwenye mandhari za vurugu, ingawa namba iliyoandikwa juu yake ni ndogo. Ukiweza kupata diski ya filamu ambayo umeingoja miaka, ipate.

Kama ni mtandaoni, hesabu data mapema. 4K hula takriban gigabaiti 7 kwa saa na 1080 hadi 3, hivyo filamu ya saa tatu ni gigabaiti 9 hadi 21. Intaneti ikiwa ya kusuasua, pakua filamu mchana kwenye kifaa. Kupakua kwa ubora wa kati ni bora kuliko 4K inayokatika wakati wa pigano. Kwenye kompyuta tumia programu ya huduma yenyewe pale inapopatikana, kwa sababu baadhi ya vivinjari hupewa picha ya ubora wa chini hata kama umelipia zaidi. Na ukiunganisha kwa waya wa HDMI, kifaa, waya na televisheni vyote vinapaswa kukubali HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia kunakili, ili 4K ipite. Kimoja kikikosa, picha hushuka hadi 1080 bila onyo, au skrini inabaki nyeusi.

Kwa filamu ya kukodi, maduka mengi hutoa siku 30 za kuanza na saa 48 za kumaliza tangu ubonyeze kucheza. Usibonyeze ili kujaribu sauti; saa inaanza kuhesabu. Jaribu vifaa kwa filamu nyingine.

Televisheni: hapa ndipo makosa mengi yalipo

Televisheni hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kushindana na nyingine dukani chini ya taa kali. Mipangilio hiyo inaichuja filamu vibaya, na filamu ya zamani yenye madoido ya kompyuta ndiyo inayoumia kuliko zote. Fanya yafuatayo filamu ikiwa imesimamishwa kwenye skrini, maana televisheni nyingi hukumbuka mipangilio tofauti kwa picha ya kawaida, kwa HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza), na kwa kila tundu la HDMI.

1. Chagua modi ya picha iitwayo Filmmaker Mode. Kama haipo, Cinema au Movie. Usitumie Vivid wala Dynamic. Itaonekana hafifu na ya njano kwa dakika kumi za kwanza. Vumilia, macho yatazoea, na ndiyo rangi iliyokusudiwa.

2. Zima ulainishaji wa mwendo. Kwenye LG huitwa TruMotion, kwenye Sony Motionflow, kwenye Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Filamu hurekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni hubuni fremu za katikati ambazo hazikuwahi kupigwa, na matokeo yake ni mwendo laini kama wa tamthilia za kila siku. Mavazi yanaonekana mavazi, jiwe la mpira linaonekana mpira, na joka la kompyuta linaonekana limebandikwa. Ukibadilisha jambo moja tu katika orodha hii, liwe hili.

3. Shusha ukali wa picha hadi sifuri. Kwenye baadhi ya televisheni, zikiwemo nyingi za Sony, mahali pasipoongeza kitu ni katikati, yaani 50. Utajua umezidisha ukiona mstari mweupe unazunguka mabega ya mtu aliyesimama mbele ya anga.

4. Zima uondoaji wa chembechembe. Filamu zilizopigwa kwa ukanda wa filamu, si kwa kamera za kidijitali, zina punje zinazochezacheza. Hizo ndizo picha yenyewe. Zikifutwa, ngozi za watu zinakuwa kama nta.

5. Joto la rangi liweke Warm, na pakiwa na viwango viwili, Warm 2.

6. Zima sensa ya mwanga wa chumba na uokoaji wa umeme. Hivi viwili hufifiza skrini katikati ya mandhari ya usiku, nawe utadhani muongozaji alipiga picha gizani.

7. Hakikisha picha haijakuzwa na kukatwa kingo. Jina la mpangilio huu hutofautiana: Just Scan, Screen Fit, Full Pixel.

Kama bado mwendo unagugumia kamera inapogeuka polepole, tatizo huenda ni hesabu. Skrini ya mizunguko 60 kwa sekunde haiwezi kugawanya fremu 24 sawasawa, hivyo fremu moja hukaa mara tatu na inayofuata mara mbili. Tafuta kwenye kifaa cha kuchezea mpangilio wa kutoa fremu 24, au "kulinganisha kasi ya fremu", uuwashe. Skrini ya mizunguko 120 huonyesha kila fremu mara tano na kigugumizi hicho huisha.

Kuna filamu ambazo ulaini wake ni wa makusudi. The Hobbit ya kwanza, mwaka 2012, ilionyeshwa kwenye baadhi ya kumbi kwa fremu 48 kwa sekunde, na mabishano kuhusu mwonekano huo yalikuwa sehemu ya kelele zake. Diski za nyumbani zina fremu 24. Kwa hiyo ukisoma malalamiko ya wakati ule, jua kwamba wewe huyaoni waliyoyaona.

Mistari myeusi juu na chini haiashirii kasoro. Filamu ya 2.39 kwa 1 kwenye televisheni ya kawaida huacha takriban robo ya kimo cha skrini ikiwa nyeusi, nusu ya robo hiyo juu na nusu chini. Usiibane wala kuivuta ili ijae. Filamu nyingine hubadilisha umbo njiani: The Dark Knight ya 2008, kwenye Blu-ray, hutanuka kujaza skrini pale picha zilipopigwa kwa kamera za IMAX, ambazo picha yake ni ndefu zaidi kwenda juu. Avatar nayo hujaza skrini yote ya televisheni tangu mwanzo. Kwa hiyo umbo likibadilika ghafla, acha rimoti mezani.

HDR inahitaji uangalifu. Faili la HDR limetengenezwa kwa skrini yenye mwangaza mkubwa, na televisheni dhaifu hulazimika kuubana mwangaza huo. Matokeo yake nyuso hupotea gizani. Ukiona mandhari za pangoni au usiku hazisomeki hata baada ya kuzima sensa, zima HDR kwenye kifaa cha kuchezea utazame toleo la kawaida. Kwenye skrini ya aina hiyo utaona mengi zaidi bila HDR.

Umbali wa kukaa hupuuzwa kuliko yote. Pima skrini pembe hadi pembe, kisha kaa kwenye umbali wa kati ya mara 1.2 na mara 1.6 ya kipimo hicho. Skrini ya inchi 55 ni sentimita 140 hivi, kwa hiyo ni mita 1.7 hadi 2.2. Ya inchi 43 ni mita 1.3 hadi 1.7. Kompyuta ya inchi 15 ni nusu mita hivi. Watu wengi hukaa mbali mara mbili ya hapo, na jeshi la watu elfu kumi linakuwa mchwa. Kusogeza kiti hakugharimu kitu, na kunaifaidi filamu kubwa kuliko kununua televisheni mpya.

Zima taa zote zinazoangaza skrini au zinazoakisi juu yake. Macho yakichoka, weka taa ndogo nyeupe nyuma ya televisheni, isiyoonekana kutoka pale ulipokaa. Kutazama filamu kwenye simu kuwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Sauti

Lalamiko la kawaida: mazungumzo hayasikiki, milipuko inapasua masikio, na rimoti haitulii mkononi. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kiwango. Ukumbi wa sinema hupangwa ili kila spika kuu itoe desibeli 85 kwa ishara ya kupimia, na vilele vifike 105. Tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko imepimwa kwa nguvu hiyo. Nyumbani ukishusha yote kwa pamoja, mnong'ono unazama chini ya kelele za feni na barabara.

Ya pili ni mchanganyo. Katika sauti ya njia 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, mazungumzo hukaa karibu yote kwenye spika ya kati. Kama una spika mbili za televisheni, lazima njia zote zisongamane ndani ya hizo mbili, na sauti za watu hufunikwa na muziki na mazingira.

Anza na menyu ya filamu: chagua sauti ya njia mbili, iandikwayo Stereo au 2.0, kama ipo. Hiyo huwa imechanganywa kwa spika mbili tangu mwanzo. Kisha angalia kifaa cha kuchezea kisitume 5.1 kwenye televisheni isiyo na spika hizo. Mpangilio wa kuchagua huitwa PCM au Stereo. Ikibaki tabu, washa modi ya usiku au kipunguza tofauti za sauti, ambacho huinua kilicho chini na kushusha kilicho juu. Mfumo ukiwa na spika ya kati, ipandishe desibeli 2 hadi 4 na uiache. Usiwashe modi za kuigiza ukumbi au uwanja. Huongeza mwangwi kwenye maneno.

Kwa anayetazama usiku huku wengine wamelala, hedifoni za kufunika sikio ni bora kuliko spika zilizoshushwa. Unapata upana wote wa sauti, na muziki wa filamu ya safari hubeba nusu ya hisia. Zikiwa za bila waya, pima kuchelewa kwa sauti: tafuta mtu anayefunga mlango au kupiga makofi. Sauti ikifika baada ya tendo, tafuta mpangilio wa kulinganisha sauti na picha ukaurekebisha kwa hatua za milisekunde 20 hadi zikutane.

Manukuu

Yakihitajika, yaweke ukubwa wa kati, meupe, bila kisanduku cheusi. Kwenye filamu pana, vifaa vingine huruhusu kuyashusha kwenye mstari mweusi ili yasikae juu ya picha.

Kuna mtego mmoja. Filamu nyingi za aina hii zina lugha ya kubuni au ya kigeni ambayo mtazamaji alikusudiwa kuielewa kupitia maandishi yaliyokuwa kwenye ukumbi. Katika baadhi ya faili na diski maandishi hayo ni njia tofauti, na hupotea ukizima manukuu yote. Wahusika wakizungumza zaidi ya nusu dakika kwa lugha isiyoeleweka bila maandishi, simama uangalie orodha ya manukuu kama kuna iliyoandikwa Forced. Wakati mwingine kutokuelewa ni kwa makusudi, hasa kama mhusika aliye nasi naye haelewi. Lakini hakiki kwanza.

Sifa na siri zilizomwagika

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa filamu kubwa msemo huo hausaidii: nzuri na mbaya zote hutembezwa kwa nguvu ile ile, na kelele za wiki ya kwanza hazikuambii ni ipi kati ya hizo. Kinachosaidia ni kujua kidogo iwezekanavyo. Unahitaji mwaka, dakika, toleo, na kama ni sehemu ya mfululizo. Basi.

Trela usiitazame. Kazi yake ilikuwa kumshawishi mtu anunue tiketi, wewe umeshaamua. Na trela za filamu hizi mara nyingi huchota picha zake bora kutoka theluthi ya mwisho. Zima mchezo wa moja kwa moja wa vionjo kwenye mipangilio ya akaunti yako, maana kukaa sekunde chache kwenye jina la filamu hutosha kuonyeshwa mandhari. Usifungue orodha ya sura kwenye diski, kwa kuwa majina ya sura huweza kutaja nani anakufa. Usiburute kishale cha muda kutafuta ulipoishia. Picha ndogo zinazotokea juu yake zimewaharibia wengi uhondo. Na usitafute jina la mwigizaji mtandaoni katikati ya filamu.

Kama tayari unajua mwisho, na kwa filamu iliyovuma huenda unajua, si lazima kuahirisha. Hamisha swali. Badala ya kungoja litakalotokea, angalia muongozaji anavyolitega: nani anaonyeshwa mapema, kifaa gani kinapita mbele ya kamera bila kuelezwa, ni lini unapewa habari ambayo mhusika hana. Filamu iliyojengwa vizuri inastahimili utazamaji huo, nayo mbovu hujitoa yenyewe.

Mfululizo utazame kwa mpangilio wa kutoka kwake, si wa matukio yake. Filamu iliyotoka baadaye ikisimulia ya nyuma huandikwa kwa kuamini kwamba unajua ile ya kwanza, na ukiitanguliza unajimwagia siri zake zote.

Ukitazama na mtu aliyeiona, mwombe mambo mawili: asikugeukie kuona uso wako tukio likikaribia, na asiseme "subiri". Neno hilo moja linatosha kukuambia kuna kitu kinakuja.

Siku yenyewe

Panga muda kwa hesabu. Filamu ya dakika 162 ikianza saa 1:30 usiku itaisha saa 4:12. Ukianza saa 4:00 utakuwa unapambana na usingizi pale ambapo filamu imetumia fedha zake nyingi. Simu ikae chumba kingine. Filamu hizi huweka habari muhimu katika picha, si kwa maneno tu, na ukiinamisha kichwa sekunde tano unakosa ramani, alama, au mkono ulioficha kitu, kisha unalaumu kisa kwa kutoeleweka.

Mapumziko ni halali. Yaweke karibu na katikati, mahali ambapo wahusika wamefika sehemu mpya na hatari imepoa, wala usikate pigano. Dakika 10 zinatosha. Zikizidi nusu saa, joto la filamu limekwisha. Filamu ndefu za zamani zina mapumziko yake zenyewe. Lawrence of Arabia ya 1962 huanza kwa muziki skrini ikiwa nyeusi kwa dakika kadhaa, na katikati ina mapumziko yenye muziki. Usidhani faili limeharibika, wala usirukishe: muziki ule ulipigwa watu wakiingia na kukaa, na hata nyumbani unafanya kazi ile ile ya kukuingiza mahali pengine.

Usihukumu kabla ya robo ya kwanza kuisha. Kwa filamu ya dakika 160 hiyo ni dakika 40, kipindi ambacho kwa kawaida mhusika bado hajaondoka nyumbani au ndiyo kwanza anavuka mpaka. Ikifika nusu na bado hujali nani atapona, kuacha si kosa.

Madoido yaliyozeeka, na mambo uliyokwisha kuyaona kwingine

Vitu viwili huwaangusha wanaochelewa. Cha kwanza ni picha za kompyuta. Zilitengenezwa kwa ajili ya projekta ya ukumbini, ambayo mwangaza wake ni mdogo kuliko wa televisheni ya leo, na filamu nyingi za miaka ya 2000 zilikamilishwa kwa upana wa pikseli 2,000 hivi. Toleo la 4K la filamu kama hiyo mara nyingi ni picha ile ile iliyokuzwa, na ukuzaji hauongezi manyoya ambayo hayakuchorwa. Skrini kali huonyesha mshono kati ya mwigizaji na mandhari. Mipangilio ya hapo juu huufifiza mshono huo kwa kiasi kikubwa.

Baada ya hapo, angalia kazi kwa macho ya mwaka wake. Jurassic Park ya 1993 ina dakika chache tu za dinosaria wa kompyuta. Wengine ni sanamu za mitambo za ukubwa halisi, na shambulio kubwa limewekwa usiku kwenye mvua, ambako giza na maji husaidia kuunganisha mtambo na kompyuta. Ukijua hilo unaanza kuona werevu pale ambapo ungetafuta kasoro tu. Mahali pa kupima madoido ya zama zozote ni uzito: je, mnyama anapokanyaga, udongo na mwili wake vinaitika? Ngozi huzeeka, uzito uliofikiriwa vizuri hauzeeki.

Filamu zilizotengenezwa kwa miwani ya 3D zina tatizo lao. Televisheni mpya za 3D ziliacha kutengenezwa na makampuni makubwa kufikia 2017, hivyo leo karibu kila mtu anazitazama zikiwa bapa. Ukiona mkuki unaelekezwa usoni pako ukakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, au kamera inapita polepole kati ya matawi bila sababu, ulitakiwa kuhisi kina. Usikihesabu kama udhaifu wa usimulizi.

Cha pili ni kigumu zaidi: filamu iliyovuma huigwa. Ukifika umechelewa, umeshaona nakala kumi, na chanzo kinaonekana kama nakala ya kumi na moja. Dawa yenye ufanisi ni kutazama kwanza filamu moja ya aina hiyo hiyo iliyotoka mwaka mmoja au miwili kabla yake, jana yake au wiki ile ile. Nusu saa tu inatosha. Ukirudi kwenye filamu yako, jicho limeshikamana na kipimo cha wakati ule, na utaona mara moja ni kipi kilikuwa kipya: mwendo wa kamera, namna ya kupigana, kiumbe kinachoongea kwa uso unaoaminika.

Orodha ya majina ikianza kupanda, zima kwanza kile kinachorukia filamu nyingine baada ya sekunde chache, kisha kaa. Majina ya filamu kubwa huchukua dakika nyingi, na zile za mfululizo mara nyingi huficha tukio fupi katikati au mwisho kabisa. Uhakiki soma siku inayofuata, ukianza na ule ulioandikwa wiki filamu ilipotoka, kisha ulioandikwa miaka kumi baadaye. Tofauti kati ya viwili hivyo itakuonyesha nini kilikuwa kishindo cha muda na nini kimebaki. Toleo refu liache kwa wiki kadhaa. Na kama haikukugusa lakini mashaka yamebaki, usiirudie yote. Chagua mandhari moja ya dakika kumi iliyokuacha baridi, kaa mita moja na nusu kutoka kwenye skrini, hedifoni masikioni, taa zimezimwa, uitazame peke yake. Ikibaki baridi hata hapo, umeshapata jibu lako kuhusu filamu hiyo.